Moto wa Mlimani Una Mwenyewe

NENO LA MCHUNGAJI

Masomo: Kutoka 22:6, Yona 1:4-16, Matendo 28:1-6, Wagalatia 6:2-5

  

Kiangazi kimeanza. Majani yamekauka, upepo wa alasiri unavuma, na huu ndio wakati ambao vikundi vyetu vya maombi hupanda vilimani kufunga na kuomba, kwa kuwa hakuna mvua ya kuwafukuza. Vijana nao hupanda kutembea na kuimba. Ni jambo jema. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani akaomba usiku kucha (Luka 6:12). Lakini kule juu usiku kuna baridi, na penye baridi watu huwasha moto. Kwa hiyo tumeona vema, kabla mtu hajafunga mzigo wake, tusikilize pamoja Neno la Mungu juu ya moto wa mlimani na juu ya wajibu wa kila mtu anayepanda.

Mioto miwili ya mlimani

Wengi wetu tumetoka Kivu, na mlima Nyiragongo tunaujua. Tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka, uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021, saa za jioni, ukapasuka tena. Moto ule hakuna mtu aliyeuwasha. Hakuna wa kushtakiwa wala wa kuombwa fidia. Katika moto wa namna ile tunalia, tunasaidiana, na tunamwomba Mungu rehema.

Lakini kuna moto mwingine wa mlimani, nao una mwenyewe. Tuchukue mfano wa mlima ambao kila mtoto wetu wa shule anaujua kwa jina, Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ulioko Tanzania. Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza katika eneo liitwalo Whona, mahali ambapo wapandaji hupumzika, kati ya vibanda vya Mandara na vibanda vya Horombo kwenye njia ya Marangu. Taarifa za mwanzo za TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa za Tanzania, zilisema inadhaniwa moto ule ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Haukuwa moto wa adui, wala wa mtu mwenye nia mbaya. Ulikuwa moto wa kupasha chakula!

Majani yalikuwa makavu na upepo ulikuwa mkali. Moto ukapanda. Wakaja askari wa hifadhi, wanavijiji, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na watu wengine wa kujitolea, mamia kwa mamia, wakipambana siku nyingi mahali ambapo hewa ni nyembamba na mtu huchoka kwa kutembea tu. Makumi ya kilometa za mraba yakaungua. Na miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukawaka kwenye mlima ule ule, karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini.

Pengine mtu atasema: majani ya mlimani ni majani tu, mvua ikinyesha yataota. Ndugu, sivyo. Watafiti wa mlima ule wameonyesha kwamba moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Miti ile ya juu hunasa maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Ikiungua, ukungu hupita na maji hupungua. Chini ya mlima wako Wachagga, ambao tangu zamani huchimba mifereji kuyaleta maji kwenye migomba yao. Na chini zaidi, katika bonde la mto Pangani, kuna bwawa linalopokea maji ya mlima ule, nalo linaitwa Nyumba ya Mungu. Hivyo mtu aliyepasha chungu huko juu ameigusa migomba ya mama asiyemjua. Moto wa mlimani haukai mlimani.

Sheria ya Mungu inasema nini?

Katika Kutoka 22:6 Bwana aliwapa Israeli sheria fupi. Moto ukitoka, ukashika miiba, kisha ukateketeza miganda ya ngano, au ngano ambayo haijavunwa, au shamba zima, basi yule aliyeuwasha hana budi kulipa. Tuitazame sheria hii kwa makini, kwa maana kila neno lake lina uzito.

Kwanza, haiulizi kama mtu alikusudia. Mlango ule ule unazungumza juu ya mwizi, lakini mtu huyu si mwizi. Alikuwa akichoma takataka zake, au akipika. Hata hivyo atalipa. Mbele za Mungu maneno "sikukusudia" yanaondoa uovu wa nia, lakini hayaondoi deni.

Pili, inataja miiba. Miiba haina thamani, hakuna anayelia miiba ikiungua. Lakini miiba ndiyo iliyokuwa ua wa shamba, na kupitia miiba moto ulifika kwenye chakula. Ndivyo ilivyo kwa majani makavu ya vilima vyetu. Yanaonekana hayana mwenyewe, kumbe ni malisho ya ng'ombe wa wenyeji, na nyuma yake kuna ndizi, na nyuma ya ndizi kuna nyumba za nyasi na turubai zetu wenyewe.

Tatu, haisemi "watu wa kijiji chake watalipa", wala "watu wa kabila lake". Inasema aliyewasha. Mungu anamtafuta mtu mmoja, kama alivyomwuliza Adamu bustanini yuko wapi.

Furushi na mzigo

Mtume Paulo katika Wagalatia 6 anasema mambo mawili ambayo mtu asipoangalia ataona yanapingana. Katika mstari wa 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Tuchague lipi? Katika Kigiriki maneno yenyewe ni mawili. La mstari wa 2 ni baros, yaani uzito unaomlemea mtu mpaka anainama. La mstari wa 5 ni phortion, yaani furushi la msafiri, lile ambalo kila mtu hufunga kwa kipimo chake. Bwana Yesu alitumia neno hilo la pili aliposema mzigo wake ni mwepesi (Mathayo 11:30).

Wapagazi wa Kilimanjaro wanaelewa jambo hili kuliko sisi. Kule kuna kanuni ya kilo 20 za mzigo wa kazi kwa kila mpagazi, na mizigo hupimwa kwenye mizani. Mpagazi akiugua njiani, wenzake hugawana alichobeba. Hiyo ni baros. Lakini hakuna mpagazi anayeweza kumpa mwenzake macho yake, au akili yake, au mkono wake wa kuzima moto. Hilo ni phortion.

Na mgeni anayepanda bila mzigo mgongoni asidhani yeye hana furushi. Chakula kinachopashwa ni cha nani? Ni chake. Kanuni za mlima ule zinakataza kuwasha kuni, watu watumie majiko ya gesi au mafuta. Basi mgeni anayeona kuni zinawashwa akanyamaza kwa kuwa ana njaa, ana sehemu yake. Kiongozi wa msafara aliyeona akapita, ana sehemu yake. Mwajiri aliyewatuma wapagazi bila jiko la kutosha, ana sehemu kubwa kuliko wote. Tusimtwike aliye mdogo furushi la wakubwa. Hata sasa tukumbuke neno lile la taarifa, "inadhaniwa". Kudhaniwa si kuthibitishwa.

Wajibu wa anayepanda

Sasa tuseme wazi yatupasayo, sisi tunaopanda vilima vya hapa.

1. Kabla ya kupanda, tuulize. Mithali 22:3 inatufundisha kwamba mwenye busara huyaona mabaya yakija akajificha, bali mjinga huenda tu akaumia. Kama kuna moshi upande wowote wa kilima, hatupandi. Kama upepo ni mkali, hatupandi. Tuwaambie wazee wa kanisa na mwenyekiti wa kijiji tunakwenda kilima kipi, tuko wangapi, na tutarudi lini. Na mwenye malisho tumwombe ruhusa, kwa maana kilima si chetu.

2. Tukiwa juu, blanketi lije kabla ya moto. Tunawasihi vikundi vyote kiangazi hiki vipande na mablanketi, na chai iliyotiwa kwenye chupa nyumbani, pasipo kuwasha moto wowote, hata mshumaa kwenye majani. Anayefunga chakula hana haja ya jiko. Ikiwa mgonjwa au mtoto amelazimu pawepo moto, uwashwe kwenye udongo mtupu au mwamba, majani yakiwa yamefyekwa pande zote, maji yakiwa karibu, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina akiulinda. Kuuzima si kuutupia mchanga na kuondoka. Moto hujificha kwenye mizizi na majani yaliyooza, ukatambaa chini kwa chini, kesho upepo ukauamsha. Tumwagie maji, tukoroge majivu, tumwagie tena, kisha tusogeze mgongo wa mkono tuone kama bado pana joto. Penye joto, kazi haijaisha.

3. Moto ukitokea, tushuke. Moto hukimbia haraka zaidi kupanda kuliko kushuka, kwa maana joto lake huenda juu na kuyakausha majani yaliyo mbele yake. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kukimbilia kileleni wakati moto uko chini yake kwenye majani. Tushuke kwa upande, mbali na unakoelekea upepo, au tukae penye mwamba mtupu au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Tuwahesabu watu wetu. Tuwatangulize watoto na wazee. Tupige kelele na simu ili walio chini wajue mapema. Na asibaki mtu nyuma kupiga picha, kwa kuwa mwingine atalazimika kurudi kumtafuta.

Hapa kuna jaribu la watu wa maombi. Mtu atasema: "Tumefunga siku mbili, tumebakiza moja, Mungu atatulinda, tusishuke." Yule mpandaji wa Kilimanjaro naye husema: "Nimelipa fedha nyingi, nimebakiza siku moja kufika kileleni, siwezi kurudi." Sauti ni moja. Wapendwa, Bwana Yesu alipopandishwa juu ya kinara cha hekalu, ni nani aliyemwambia ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka? Ni Ibilisi, tena alitumia Maandiko! Naye Yesu akakataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Kushuka mlimani si kukosa imani. Maombi yatamalizikia kanisani.

4. Tukiwa tumeuwasha, tuseme. Hili ndilo gumu kuliko yote.

Samaki mmoja akioza

Tunajua jinsi tunavyotazamwa. Moshi ukionekana kilimani, kabla mtu hajauliza, jibu liko tayari: ni wakimbizi. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza, na sisi tumelionja neno hilo. Paulo naye alilionja. Alifika Malta akiwa mfungwa, ametoka kwenye meli iliyovunjika, yeye na watu 275 pamoja naye. Mvua ilikuwa ikinyesha na kulikuwa na baridi. Wenyeji wakawawashia moto wakawapokea wote. Paulo alipokuwa akitia kuni, nyoka akatoka kwa sababu ya joto akamshika mkono. Mara wenyeji wakaambiana kwamba mtu huyu bila shaka ni mwuaji. Hawakumjua, lakini hukumu ilikwisha kutolewa.

Angalieni Paulo alivyofanya. Hakuwakasirikia, na hakuacha kuwatendea mema, kwa maana baadaye aliwaombea wagonjwa wao wakapona. Tena angalieni kwamba zile kuni alizikusanya mwenyewe. Mtume mkubwa, mgeni, mfungwa, hakusema "mimi ni mgeni, wenyeji wanihudumie". Alibeba furushi lake.

Kwa sababu tunahukumiwa kwa jumla, jaribu letu ni kujificha kwa jumla. Mmoja anakosa, wote tunanyamaza, tunadhani tunalindana. Lakini kunyamaza huko ndiko kunakowachoma wasio na hatia. Akani alificha vitu chini ya hema lake, na watu 36 wakafa vitani kwa sababu yake (Yoshua 7). Yona alitenda tofauti. Tufani ilipoipiga meli na kura ikamwangukia, hakusema "mabaharia ndio hawajui kazi". Alisema tufani ile imekuja kwa ajili yake, na wenzake wakapona. Yona alikuwa na makosa mengi, lakini siku ile aliwaokoa watu wa meli nzima kwa kusema kweli.

Kijana wetu, mama yetu, kama ni mkono wako uliowasha, kusema "ni mimi" ndiyo njia ya kuwalinda ndugu zako. Wenyeji wakimjua mmoja aliyesema kweli, hawatakuwa na sababu ya kuwadhania maelfu. Njoo kwanza kwa mzee wa kanisa usiku huo huo. Hutakuja mbele ya mwenye shamba peke yako. Hapo ndipo mstari wa 2 unapokutana na mstari wa 5. Kukiri ni furushi lako, hakuna atakayelibeba badala yako. Lakini hofu, aibu, na deni linalokushinda, hayo ni mzigo wetu sote, na kanisa litainama pamoja nawe.

Tutalipa kwa nini?

Wengine watauliza: mkimbizi atalipa nini, naye anaishi kwa mgawo wa chakula? Swali ni la haki. Zakayo alikuwa na mali, akarudisha mara nne (Luka 19:8). Sisi hatuna mara nne. Lakini tuna mikono. Tunaweza kukata nyasi za kuezeka, kujenga ua ulioungua, kuchota maji, kulima siku kadhaa katika shamba la aliyepata hasara, kupanda miti mvua zikianza. Ni malipo halisi, na mwenye shamba akiona watu 20 wa kanisa wamekuja na majembe pamoja na yule aliyekosa, ataona kitu ambacho hakukitazamia.

Mtu asiseme pia: "Yesu amekwisha kunilipia, mimi sina deni tena." Ni kweli, deni letu kwa Mungu Kristo alilibeba juu ya kilima cha Golgotha, wala hakuna wa kuliongeza. Lakini Zakayo alirudisha mali ya watu baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake. Aliyesamehewa na Mungu hamkimbii jirani.

Wapendwa, kuna mioto mingi ambayo hatukuiwasha sisi. Vita vilivyotutoa kwetu vina waliovianzisha, na wengi wao hawajasema "ni mimi" mpaka leo. Tunajua uchungu wa kuunguzwa na moto ambao mwenyewe anajificha. Basi tusiwe sisi watu wa namna hiyo juu ya kilima cha watu waliotupokea.

Tuombe

Ee Mungu Baba, umetupa mahali pa kulala katika nchi isiyo yetu. Walinde wenyeji wetu, mifugo yao na mashamba yao. Wape vijana wetu akili ya kuzima moto na moyo wa kushuka wanapoambiwa washuke. Aliyekosa mpe nguvu ya kusema kweli, na sisi utupe mabega ya kumsaidia. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Katika Kutoka 22:6, kwa nini asiyekusudia naye analipa?
2. Katika kikundi chetu, ni nani atakayelinda moto, na ni nani atakayebeba maji? Tajeni majina.
3. Mtu wa kijiji chetu akija kukiri usiku, tutampokeaje, na nani ataongozana naye kwenda kwa mwenye shamba?